Angicos 1963: zile saa 40 za Paulo Freire, na kazi iliyofanyika kabla ya saa ya kwanza

Ukisoma ualimu au ukijishughulisha na kisomo cha watu wazima hukosi kukutana na hii stori: mwaka 1963, kwenye mji mdogo unaitwa Angicos, jimbo la Rio Grande do Norte, kaskazini mashariki mwa Brazil, Paulo Freire na timu yake waliwafundisha watu 300 hivi kusoma na kuandika kwa saa 40 tu. Basi, wengi wanaishia hapo. Saa 40, watu 300, makofi. Mimi hiki kisa nakipenda mno na ndiyo maana inaniuma kikisimuliwa hivyo, kwa sababu tunabeba namba tunaacha kazi yenyewe, halafu mtu anaenda kutafuta "ile mbinu ya saa 40" akaitumie mahali pengine na ikigoma anasema Freire alikuwa maneno matupu. Sasa hapa nakifungua hiki kisa kimoja, nini kilitokea, kwa nini kilifanikiwa, kilikwama wapi na kwa nini wanajeshi walikuwa na haraka ya kukizima.

Kwanza huyu mtu mwenyewe. Freire alizaliwa Recife, mji mkuu wa jimbo la Pernambuco huko huko kaskazini mashariki, tarehe 19 Septemba 1921, familia ya hali ya kati, baba yake alikuwa ofisa wa polisi wa jimbo. Ule mdororo wa uchumi ulioanza 1929 ukawayumbisha, wakahama Recife kwenda Jaboatão ambako maisha yalikuwa nafuu, na 1934 baba akafariki. Paulo alikuwa na miaka 13. Njaa hakuisoma kwenye vitabu, aliishi nayo, na baadaye alisema kabisa kwamba kuna kipindi darasani alikuwa haelewi kitu si kwa sababu hana akili ila kwa sababu ya njaa. Hilo naliona kubwa, maana mtu aliyewahi kuitwa mzito shuleni huku anajua tatizo liko tumboni hawezi tena kumwangalia mtu asiyejua kusoma akadhani ni mjinga.

Akasoma sheria, uwakili akauacha mapema sana, 1944 akamuoa Elza Maia Costa de Oliveira ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na miaka ya 1940 mwishoni akaingia kazini SESI, shirika la huduma za jamii kwa wafanyakazi wa viwandani. Huko ndiko kuna tukio moja ambalo bila hilo sidhani kama Angicos ingekuwepo. Alikuwa anaongea na wazazi usiku, anawapa hotuba juu ya kuadhibu watoto, kamtaja Piaget, yule mtaalamu wa saikolojia ya watoto, kaeleza vizuri kabisa kwa nini kumpiga mtoto si sawa. Alipomaliza mzee mmoja mfanyakazi akasimama akamuuliza kama anajua wao wanaishi wapi, halafu akaanza kuielezea nyumba ya Freire bila kuwahi kufika, vyumba vyake, bafu lake, nafasi ya watoto, kisha akaeleza ya kwao, watu wamejazana, wamechoka, watoto wana njaa na wanapiga kelele na alfajiri inabidi uamke tena. Hakumpinga juu ya kupiga watoto, alimwonyesha tu kwamba anaongea na watu asiowajua. Wakati wanarudi nyumbani Freire analalamika kwamba alidhani alieleweka, Elza akamwambia yeye ndiye alitakiwa awaelewe wale. Kila kitu cha Angicos kimetoka hapo, na jina la Elza huwa linasahaulika wakati yeye ndiye aliyekuwa na ujuzi wa kufundisha mtu herufi, Freire hakuwa nao.

Sasa njoo kwenye Brazil ya wakati ule. Mwaka 1960 karibu asilimia 40 ya watu wa miaka 15 na kuendelea walikuwa hawajui kusoma na kuandika, na huko kaskazini mashariki hali ilikuwa mbaya zaidi. Na katiba ya 1946 ilisema wazi, asiyejua kusoma na kuandika hapigi kura. Hapo pasome tena taratibu kabla hujaendelea, kwa sababu bila hapo kisa chote kinabaki stori ya walimu wazuri na wanafunzi wenye bidii. Kumfundisha mtu mzima kusoma Brazil ya 1963 ilikuwa ni kumuongeza mpiga kura mmoja. Wenye mashamba makubwa walikuwa wanashinda uchaguzi miaka nenda rudi kwa sababu vibarua wao hawamo kwenye daftari. Mahesabu ya wakati huo yalionyesha kwamba kampeni ya kisomo ikifika Pernambuco wapiga kura wangetoka 800,000 hivi wakafika 1,300,000. Yaani unabadilisha nani anashinda.

Pesa ilitoka wapi? Hapa wengi wanashtuka. Ilitoka Marekani, kupitia ule mpango wa Kennedy wa Alliance for Progress. Fidel Castro alikuwa ameshachukua Cuba, Wamarekani wanaiogopa kaskazini mashariki ya Brazil isije ikafuata njia hiyo hiyo, wakawa wanamwaga misaada kwa magavana wanaowaona marafiki, na mmojawapo ni Aluízio Alves wa Rio Grande do Norte. Alves mwenyewe ni mzaliwa wa Angicos, kwa hiyo mji ulichaguliwa kisiasa, tusijidanganye. Freire ambaye wakati huo alikuwa anaongoza huduma za ugani wa utamaduni, yaani kupeleka elimu na utamaduni kwa watu wa nje ya chuo, pale Chuo Kikuu cha Recife, alikubali kwa masharti kwamba kazi iwe mikononi mwa timu yake na wanasiasa wasiiingilie. Kuna watu wa mrengo wa kushoto walimlaumu kula pesa ya Wamarekani. Mimi namuelewa. Ukikaa unasubiri pesa safi wakati watu hawana kura utasubiri sana, na ushahidi kwamba hakununuliwa uko kwenye kile kilichofundishwa, tunafika huko sasa hivi.

Kabla ya darasa lolote wanafunzi wa chuo kutoka Natal, mji mkuu wa jimbo, wengi wao vijana wadogo kabisa, akiwemo Marcos Guerra aliyeratibu, walienda Angicos na kuanza kuongea na watu. Si kuwahoji kwa fomu, kuongea. Majumbani, sokoni, kwenye kazi zao. Wanaandika maneno watu wanayotumia, wanataja vipi shida zao, wanaitaje ile ardhi, wanacheka na nini. Yakakusanywa mamia ya maneno. Kisha wakakaa wakachuja mpaka yakabaki chini ya 20, na hayo machache yalichaguliwa kwa vigezo viwili kwa wakati mmoja, moja ni sauti, kwamba yakiwekwa pamoja yanagusa silabi zote muhimu za Kireno kuanzia rahisi kwenda ngumu, na pili ni uzito wa neno lenyewe kwenye maisha ya pale, kwamba ukilitaja watu wana la kusema.

Angalia yaliyochaguliwa. Belota, lile pambo la nyuzi linaloning'inia, kitu cha kila siku huko. Sapato, kiatu. Salina, shamba la chumvi, maana jimbo lile linaishi kwa chumvi. Milho, mahindi. Feira, soko. Xique-xique, mdungusikakati wa nchi kavu. Goleiro, golikipa. Bilro na almofada, vifaa vya akina mama wanaosuka lesi. Na katikati ya hayo mawili yaliyobeba moto wote, povo na voto, wananchi na kura. Hii orodha usiichukulie kama ya kitabu cha darasa la kwanza. Yule mama msusi wa lesi anaona kifaa chake cha mkononi kimeandikwa ukutani, kwamba kumbe kazi yake nayo ni jambo la kuandikwa. Na mada ya kura hakuna aliyewaletea kutoka nje, ilikuwa imekaa pale pale katikati ya kiatu na mahindi kwa sababu ndiko iliko kwenye maisha yao.

Jambo lingine, hawakuanza na herufi. Kwanza zilikuja picha, mtindo ambao Freire na wenzake walishautengeneza Recife, kuna seti ya picha kumi iliyochorwa na msanii Francisco Brennand, zinaonyesha mtu na jembe na kisima na kitabu, muwindaji na upinde wake, mfinyanzi na chungu. Watu wanaulizwa, hapa kipi kimetengenezwa na mtu na kipi kimekuwepo chenyewe? Kisima nani kachimba? Kwa nini alichimba? Nani alimfundisha? Maongezi yanaenda mpaka mtu mwenyewe anagundua kwamba yeye anayefinyanga au anayeshona viatu anafanya utamaduni, sawa na huyo anayeandika vitabu. Ndiyo maana hawakusema darasa, walisema duara la utamaduni, na hapakuwa na mwalimu, palikuwa na mratibu. Nikisema hivi kuna watu wanaona ni mapambo ya maneno. Sivyo. Mtu mzima aliyeambiwa maisha yake yote kwamba hajui kitu, ukimuwekea A E I O U mbele anajiona mtoto na anaondoka. Ukianza na anachokijua anakaa.

Baada ya hapo ndiyo neno linaingia. Picha kwanza, wanaijadili, kisha neno chini ya picha, kisha neno peke yake, kisha linavunjwa silabi, kisha kila silabi inafunguka familia yake. Mfano wenyewe wa Freire maarufu ni tijolo, tofali, aliutumia sana kueleza: ti inazaa ta te ti to tu, jo inazaa ja je ji jo ju, lo inazaa la le li lo lu. Zikipangwa zote tatu kwenye kadi moja ukutani, mtu anaanza kuunganisha mwenyewe bila kuambiwa, anachukua silabi hapa anaitia pale anapata neno ambalo hakuna aliyemfundisha. Hicho ndicho kitu chenyewe, usiku wa kwanza tu wa herufi mtu tayari anatunga neno lake. Sisi tunaosoma Kiswahili hii tunaielewa upesi maana tumekua na ba be bi bo bu, silabi zetu nazo ni nyoofu hivyo hivyo. Na hapo hapo pana onyo, lugha kama Kiingereza ambayo maandishi yake hayafuati sauti haiwezi kukupa hizo saa 40, kwa hiyo sehemu ya muujiza ni ya Kireno chenyewe, si ya Freire. Lazima isemwe.

Saa yenyewe ilikuwa jioni, watu wametoka kazini, saa moja moja kwa siku. Shughuli zilifunguliwa Januari 1963 na mwezi wa tatu mwishoni zinaelekea ukingoni. Mjadala na herufi vilienda pamoja muda wote, siku ya neno povo inaongelewa wananchi ni nani, siku ya voto inaongelewa kura ni ya nani na inauzwaje. Na mwisho walipimwa kwa yote mawili, kusoma na kuandika kwa upande mmoja, na uelewa wao wa mambo ya jamii kwa upande mwingine. Programu ya kisomo inayopima kitu cha pili ni nadra mpaka leo.

Tarehe 2 Aprili 1963 rais wa nchi João Goulart akaja mwenyewe Angicos kwenye kufunga. Mmoja wa wanafunzi akasimama mbele yake akasema kwamba zamani shida ilikuwa njaa ya tumbo na sasa wana njaa ya kichwa. Kati ya waliokuwepo pale ni Jenerali Humberto Castelo Branco, kamanda wa jeshi la kanda hiyo, na kwa masimulizi ya Calazans Fernandes aliyekuwa anaongoza elimu ya jimbo, jenerali alimwambia kwamba mnachofanya huku porini ni kunenepesha nyoka wenye sumu. Nimekaa na hayo maneno muda mrefu. Ukiacha ukali wake, jenerali alielewa kisa hiki vizuri kuliko wengi waliokipigia makofi! Waliopiga makofi waliona watu wanasoma sentensi. Yeye aliona wapiga kura.

Serikali ya Goulart ikataka kuipeleka kazi nchi nzima, mpango wa kitaifa wa kisomo ukatangazwa kwa amri ya Januari 1964, lengo miduara 20,000 na watu kama milioni 2, projekta za bei nafuu zikaagizwa Poland kwa ajili ya slaidi. Halafu mapinduzi ya kijeshi, usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili 1964, mwaka mmoja tu tangu ile sherehe. Tarehe 14 Aprili mpango ukafutwa. Siku iliyofuata Castelo Branco akaapishwa urais. Freire akakamatwa, akakaa ndani zaidi ya miezi miwili, na amesimulia mwenyewe kwamba akiwa kizuizini ofisa mmoja alimuomba awafundishe kusoma askari wasiojua, ikabidi amueleze kwamba yuko ndani kwa kosa hilo hilo. Akatoka akaenda Bolivia, kisha Chile ambako aliandika kile kitabu chake juu ya elimu ya wanaokandamizwa, kisha Marekani, kisha Geneva, hakurudi kuishi Brazil mpaka 1980. Kule Angicos waliobaki ndio waliolipa kimya kimya, kuna waliochoma au kuficha madaftari yao kwa hofu. Daftari la kujifunzia kuandika limekuwa ushahidi wa uhalifu.

Sasa swali la msingi, nini hasa kilifanya kazi pale? Bahati nzuri historia imetupa kesi mbili za kulinganisha na ndizo zinanifanya niseme ninachosema.

Ya kwanza ni MOBRAL. Utawala ule ule wa kijeshi uliunda 1967 programu yake ya kisomo, na miaka ya 1970 ikafanya kazi Brazil nzima kwa bajeti kubwa. Na unajua walitumia nini? Maneno mama, yaani yale machache ya kuanzia yanayozaa silabi, na picha na familia za silabi. Walichukua mashine yote ya Freire. Ila maneno yalichaguliwa ofisini, yale yale kwa nchi nzima, kuanzia Amazon mpaka kusini, na mjadala ukatolewa, picha inaonyeshwa na mwongozo unasema jibu ni nini. MOBRAL ilisajili mamilioni, lakini matokeo yake hayakufikia kabisa ahadi zake na ikafungwa 1985. Kwa hiyo kama siri ingekuwa kwenye silabi na slaidi, MOBRAL ingekuwa ushindi mkubwa kuliko Angicos, maana ilikuwa na pesa, muda na serikali nzima nyuma yake.

Ya pili inauma zaidi kwa sababu ni ya Freire mwenyewe. Miaka ya 1970 akiwa Geneva aliitwa Guinea-Bissau baada ya uhuru wao. Nia ilikuwepo, siasa ilikuwa upande wake, serikali ya wapigania uhuru, hakuna jenerali wa kuzima. Na kisomo kikashindwa. Sababu ziko kadhaa, vita vilikuwa vimemaliza nchi na walimu hakuna, ila kubwa ni lugha: serikali iliamua kufundisha kwa Kireno, lugha ambayo wakulima wengi wa kule hawakuwa wanaiongea, wao wana Kriol, lugha ya mchanganyiko iliyozaliwa kwenye Kireno na lugha za Kiafrika, na lugha zao nyingine. Freire aliiona hatari hiyo ila aliendelea na kazi, na hapo kwangu mimi ana lawama. Mtu aliyeandika kwamba neno litoke kinywani mwa watu alikubali kufanya kazi ambapo neno linatoka kwa mkoloni aliyetoka kufukuzwa. Ungeweza kuwa na picha nzuri, miduara, waratibu wenye moyo, bado mtu anasoma silabi za neno asilolijua.

Weka hizo tatu pamoja. MOBRAL ilikuwa na mbinu na lugha ila haikuwa na usikilizaji wala mjadala. Guinea-Bissau ilikuwa na mjadala na siasa ila haikuwa na lugha ya watu. Angicos ilikuwa nayo yote, na iliyapata kwa sababu ya zile wiki za mwanzo za vijana kuzunguka na madaftari wanasikiliza, wiki ambazo hazihesabiwi kwenye zile saa 40. Ndiyo maana nasema namba yenyewe inapotosha. Ukizihesabu siku za kukusanya maneno, mafunzo ya waratibu, kutengeneza picha na mikutano ya kila siku ya kutathmini, hakuna saa 40 hapo.

Na tusiifanye Angicos takatifu pia. Waliomaliza waliweza kusoma maandishi mepesi na kuandika barua fupi, hiyo si kujua kusoma kwa kudumu, na Freire na timu yake walilijua hilo, walishapanga hatua ya kuendeleza baada ya ile ya kwanza. Mapinduzi yakaikata. Mtu aliyesoma miezi mitatu kisha akakaa miaka bila gazeti wala kitabu, na kwa hofu juu, atapoteza, ni kawaida kabisa. Freire aliporudi Angicos 1993, miaka 30 baadaye, alikutana na waliokuwa wanafunzi wake, na kati ya watu wa ile miduara wapo walioendelea na wapo ambao ujuzi ulishafifia. Wanaotumia hilo kusema jaribio lilishindwa hawatendi haki, huwezi kukata mti kisha ukaulaumu kwa kutozaa. Ila wanaomtetea nao waache kusema watu 300 waliokolewa kwa saa 40.

Haki ya kura kwa wasiojua kusoma ilipatikana Brazil 1985, baada ya wanajeshi kuondoka madarakani. Miaka minne baadaye, 1989, meya mpya wa São Paulo, Luiza Erundina, akampa Freire elimu ya jiji zima. Safari hii hakutangaza saa wala mbinu. Alianzisha MOVA, mpango wa kisomo ambao jiji lilitoa pesa na mafunzo kwa vikundi vya mitaani ambavyo tayari vilikuwa vinafundisha watu wazima, makanisani, kwenye vyama vya wakazi, na kila kikundi kikaendelea na watu wake na maneno yao wenyewe.